Mkalimani wa Chumba cha Injini

Simu iliingia kwangu kwa sababu mume wangu hasikii. Nilikuwa nyuma ya nyumba yetu, Kawetele, hapa Tukuyu, nachambua maharage kwenye ungo. Yeye alikuwa shambani kwenye miparachichi yake, amevaa koti la mvua ingawa mvua yenyewe ilikuwa bado iko kwenye mlima. Sauti ya kike, ya kijana, ikaniamkia vizuri, halafu ikauliza kama hapo ni kwa mzee aliyekuwa fundi mkuu wa meli ya mizigo, ile ya zamani.

"Ni hapa," nikasema. "Ila hawezi kuongea na simu. Ongea na mimi."

"Mimi ni injinia, mama. Niko huku chini, Kyela, ziwani. Ile meli haikatwi tena chuma chakavu, tumepewa tuihifadhi. Sasa nimeingia kwenye chumba cha injini na sijui hata pa kuanzia. Kila ninayemuuliza ananiambia mtafute mzee."

Nikamwomba asikate simu. Nikaenda shambani na kusimama mahali ambapo mume wangu angeniona, kwa kuwa mtu asiyesikia ukimjia kwa nyuma unamshtua. Nikaunganisha viganja kama mtu anayechota maji, kisha nikavisukuma mbele. Nyumbani kwetu hiyo ni meli. Nikamwonyesha simu.

"Wanaikata lini?" akauliza, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

Nikatikisa kichwa. "Hawaikati," nikasema polepole ili asome midomo. "Wanakuita wewe."

Alichomeka panga kwenye shina la mgomba, akaenda bombani kunawa mikono. Akanawa mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayeitwa mezani. Mimi nikamwambia injinia tutashuka keshokutwa.

Mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa Singida, nchi ya vumbi na alizeti. Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi Rungwe, niliteremka stendi ya Tukuyu mvua ikinyesha, nikajibanza chini ya baraza la duka nikingoja ikatike. Haikukatika wiki nzima. Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye huruma, alinitazama na sanduku langu akasema, "Mwalimu, hapa hatungoji ikatike. Wewe tembea tu." Nikatembea. Nimekuwa nikitembea kwenye mvua hiyo mpaka nimestaafu.

Mume wangu nilimkuta kwenye mashine ya kusaga, mwaka wangu wa kwanza. Mashine ilikuwa imeharibika, wanawake tumepanga foleni na ndoo zetu za mahindi, naye yuko chini amelala chali, miguu tu ndiyo inaonekana. Alikuwa likizo, na kijiji kizima kilijua kwamba fundi wa meli akiwa likizo ndipo vitu vyote vilivyoharibika hupelekwa kwake. Alipotoka, uso mweusi kwa oili, alinisaidia kumimina mahindi yangu akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Singida.

"Singida kuna ziwa?"

"Yako mawili. Ya chumvi. Hayana meli."

Akacheka, akaniambia hajawahi kusikia ziwa la bure namna hiyo. Mwaka uliofuata tulioana.

Kabla ya ndoa, mama yake aliniita jikoni. Alikuwa mama wa Kinyakyusa hasa, Kiswahili alikitumia kwa wageni tu, na alikitamka kwa namna yake, z ikawa s. "Mwalimu," akasema, "nikwambie kweli. Mwanangu alishaoa samani. Mke wake wa chuma, yuko Kyela, anakunywa mafuta." Nilidhani ananifukuza kwa mzaha. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananipenda na hakutaka niseme sikuambiwa.

Meli yenyewe ililetwa Ziwa Nyasa vipande vipande kutoka ng'ambo, ikaunganishwa hapo hapo ufukweni kwa misumari ya chuma, kabla mimi na mume wangu hatujazaliwa. Ilikuwa ya mizigo. Kwenda kusini ilibeba saruji, sukari, sabuni, chumvi na mabati. Kurudi ilibeba mahindi, mihogo mikavu, usipa, yaani dagaa wa Nyasa, na vyungu vya Ikombe vilivyofungwa kwa majani makavu visipasuke. Abiria hawakuwa kazi yake, lakini walipanda. Ng'ambo ya mashariki milima ya Livingstone inashuka mpaka majini, na vijiji vingi huko havikuwa na barabara. Mtu wa Lupingu akitaka bati la kuezekea, bati hilo lilikuja kwa meli au halikuja.

Mume wangu alikuwa anakaa ziwani wiki mbili, wakati mwingine tatu, kisha anapanda nyumbani siku chache. Alirudi na kopo la usipa, chungu kimoja, na harufu ya dizeli ambayo haikutoka kwenye foronya hata nikizianika siku nzima, kama kwa bahati siku yenyewe ilikuwa na jua. Vyungu vimejaa nyumbani kwangu kuliko kwa mfanyabiashara. Nilimwambia vinatosha. Akasema yule mama wa Ikombe anayevifinyanga humsubiri bandarini, hawezi kumpita mikono mitupu.

Na alirudi na mikono yake. Kwenye chumba cha injini kulikuwa na mitambo miwili mikubwa, na ikiwaka yote hakuna binadamu anayesikia mwenziwe hata akipiga kelele sikioni. Kwa hiyo mafundi walisemezana kwa ishara. Kiganja kikishuka taratibu, punguza. Kidole kooni, zima. Ngumi ikizungushwa, ngumi kifuani, vidole viwili begani, kila moja ilikuwa na maana yake. Siku ya kwanza ya likizo alikuwa hasikii vizuri. "Masikio yamebaki kazini," alikuwa anasema, "yatakuja na meli ya kesho." Basi tukawa tunatumia mikono. Watoto walijifunza kwa haraka. Wa kwanza wetu alijua ishara ya punguza kabla hajajua kulitamka neno lenyewe, na alikuwa akinionyesha mimi nikiwa namgombeza.

Masikio yalichelewa zaidi kila mwaka. Ikawa siku mbili, ikawa wiki, mwisho hayakuja kabisa. Daktari alituambia kwamba mishipa ya ndani imekufa, na kwamba alitakiwa kuyaziba tangu ujana. Nilimfikishia maneno hayo kwa maandishi. Aliyasoma, akairudisha karatasi. "Ningeyaziba," akasema, "ningejuaje injini inapoanza kulalamika?"

Nisidanganye, nimewahi kuichukia ile meli. Mtoto wetu wa pili alizaliwa kabla ya siku zake, na baba yake alikuwa Mbamba Bay, upepo wa kusini umewafungia bandarini. Alifika mtoto akiwa na siku tisa. Alisimama mlangoni na chungu mkononi. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku zote tisa, nikamwambia yote. Alinisikiliza, wakati huo bado anasikia kidogo.

Nilipomaliza akasema, "Tulichelewa siku mbili zaidi. Upepo ulipopungua tuliitwa Lupingu. Palikuwa na mama uchungu umemkwama, hakuna njia nyingine ya kumtoa. Tukageuza."

"Amejifungua?"

"Amejifungua salama."

"Basi yeye alikuwa na meli," nikasema. "Mimi nilikuwa na nani?"

"Ulikuwa na mama yangu."

Na hiyo ilikuwa kweli. Mama mkwe alinishika mkono kutoka nyumbani mpaka zahanati, kwenye matope yale, akiniimbia nyimbo za kanisani kwa Kinyakyusa ambazo wakati huo sikuelewa hata neno moja. Lakini ukweli huo haukunituliza. Nilikaa na hasira mpaka mtoto akaota meno. Nilijiapiza kwamba sitakanyaga meli ile, na nikatimiza. Mabaharia wengine walileta wake zao kuitazama. Mimi, siku ikiwa safi baada ya mvua, nililiona ziwa kutoka juu, mstari wa bluu chini kabisa, na hilo lilinitosha.

Kisha meli mpya zikaja, za kisasa, na ile ya zamani ikaegeshwa. Mume wangu akastaafu muda huo huo. Mchanga uliokuwa ukiletwa na mto ukaizunguka mpaka ikakaa upande, imeinama kama mtu aliyesinzia kwenye benchi. Tukasikia kwamba itauzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Alishuka kwenda kuitazama peke yake. Aliporudi alishika jembe, siku mbili akawa anachimba mashimo ya miparachichi. Alichimba mengi kuliko miche tuliyokuwa nayo. Ilibidi nimwombe rafiki wa kijiji cha Masoko miche mingine ya kujazia.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo simu ile ilipoingia.

Tulishuka na masweta yetu kama kawaida ya watu wa juu, na kama kawaida tukayavua njiani, kwa kuwa Kyela joto linakupokea kabla mwenyeji hajakupokea. Injinia alitungoja ufukweni. Msichana mwembamba, overoli imemzidi, kofia ya plastiki kichwani. Alipiga goti kidogo, "Shikamoo mzee," na mume wangu, aliyeona goti bila kusikia salamu, akamjibu marahaba.

Nikaitazama meli. Mshangao wangu wa kwanza ulikuwa kwamba ni ndogo. Miaka yote nilikuwa nimeshindana na kitu ambacho kichwani mwangu kilikuwa kikubwa kama shule. Kumbe si kubwa kiasi hicho. Kutu ilikuwa imeila kuanzia chini, majani yameota kwenye sitaha, na mbuzi wawili walikuwa juu wakila majani hayo bila wasiwasi. Bomba la moshi lilikuwa limejaa viota vya ndege. Mume wangu hakusimama kuitazama kama nilivyosimama mimi. Alipanda ngazi moja kwa moja, akawafukuza mbuzi, akapotea ndani.

"Mama, tuingie," injinia akasema.

Nilisita. Kiapo ni kiapo. Kisha nikasikia mume wangu anaita kutoka chini, sauti inagonga kuta za chuma, "Mwalimu! Njoo, huyu binti atanisemeshaje?" Nikapanda, kisha nikashika mkono wa ngazi ya ndani nikashuka.

Chumba cha injini kilikuwa na giza na harufu ile ya foronya zangu. Hapo nikamwona mume wangu kama sijawahi kumwona. Nyumbani, tangu masikio yafe, amekuwa mtu wa kusubiri. Anasubiri umguse bega, anasubiri umwandikie. Mle ndani hakusubiri. Alipita katikati ya mitambo akigusa hiki na kile, akigeuza vitu gizani bila kutazama, na akimwambia injinia mambo kumi kwa mpigo.

Injinia aligeuka kwangu. "Mama, muulize hii pampu ilikuwa ya nini."

Nikamuuliza kwa mikono na midomo. Akajibu. Injinia akauliza tena. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya uzeeni. Tulikubaliana tushuke kila wiki, siku mbili, tukilala kwa binamu wa mume wangu, huko huko Kyela. Mimi mwalimu wa Kiswahili na maarifa ya jamii nikajua vali, nozeli, shafti, gasketi, na tofauti ya grisi hii na ile. Mwanzoni nilisimama tu kama nguzo nikipeleka maneno huku na huku. Baada ya mwezi injinia alikuwa akiniuliza mimi kwanza, na mara nyingine nilikuwa na jibu.

Mitambo ilikuwa miwili, lakini wa kulia ulikuwa umeshanyofolewa vipuri zamani. Wa kushoto ulikuwa mzima ila umekwama. Mume wangu alisema mchanganyiko wa dizeli na oili umiminwe kwenye kila silinda, kisha tuache. Injinia aliuliza tuache siku ngapi.

"Mwambie asihesabu," akasema. "Kila tukija tunajaribu kuuzungusha kwa wenzo. Siku utakayokubali, utakubali."

Tulijaribu wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu. Yeye na injinia walining'inia kwenye ule wenzo wa chuma mpaka miguu ikatoka sakafuni. Wiki ya nne nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nakula embe nilipomwona injinia anaanguka kwa magoti. Nilidhani ameumia. Kumbe wenzo ulikuwa umesogea, upana wa kidole, na yeye alikuwa ameuegemea kwa uzito wake wote. Alibaki chini akicheka. Mume wangu alichora alama ya chaki pale gurudumu la mtambo lilipofika, kisha akauliza chakula kiko wapi.

Kati ya hapo na siku ya kuuwasha kulikuwa na kazi nyingi ambazo sitazieleza zote, kwa kuwa nyingine sikuzielewa. Lakini moja lazima niiseme, maana kosa lilikuwa langu.

Siku hiyo walikuwa wanatoa upepo kwenye mabomba ya mafuta. Injinia ameshika vali upande mmoja wa mtambo, mume wangu yuko upande wa pili ambako hawaonani, nami katikati. Mume wangu akanyoosha ngumi akaizungusha. Nikapaza sauti, "Fungua!" Injinia akafungua. Dizeli iliruka kama maji ya bomba lililopasuka, ikampiga kifuani, ikanilowesha kitenge changu chote, na kabla hajaipata vali tena tulikuwa tumelowa sote wawili mpaka viatu.

Mume wangu akazunguka kuja kuona. Alitutazama, akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Umezungusha hivi," nikamwambia, nikiizungusha ngumi mbele ya uso wake. "Hiyo ni fungua."

"Kwenye meli ni funga."

"Nyumbani ni fungua. Miaka yote. Fungua bomba, fungua mlango."

"Nyumbani ni fungua," akakubali, huku anajifuta machozi. "Mtoto wetu mdogo ndiye aliyeigeuza. Alikuwa akimwona bibi yake anazungusha koki maji yanatoka, akajua ngumi ni kufungua. Ukamfuata."

"Na wewe kwa nini hukumsahihisha?"

"Alikuwa na miaka miwili. Amefurahi maji yametoka. Nimsahihishe nini?" Akafikiri kidogo. "Basi nikawafuata ninyi."

Injinia alikuwa amesikia yote. Alikuwa anakamua shati lake. "Mama," akasema, "inabidi tuandike kamusi." Alisema kwa utani, lakini mimi ni mwalimu. Wiki iliyofuata nilishuka na daftari. Tulikaa kwenye sitaha, mume wangu akifanya ishara moja moja, mimi nikichora mkono na kuandika chini yake: ya meli, ya nyumbani, au ya kote kuwili. Nilichokigundua ni kwamba karibu nusu zilikuwa zimebadilika nyumbani, na yeye alikuwa anazijua zote mbili, akivua za kazini kila akipanda Tukuyu na kuzivaa tena akishuka, bila kutuambia. Nilimwona mtu huyu upya, na nilikuwa nimeishi naye tangu ujana wangu.

Wakati fulani alikuja ofisa mmoja kukagua. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda rangi, alipenda ngazi mpya, akapenda wazo la wanafunzi kuja kujifunza. Lakini alipoona mapipa ya dizeli akauliza kwa nini tunahangaika na mtambo wa meli isiyokwenda popote. Mchanga umeishika, itajengewa kitako cha zege hapo hapo. Injinia akaanza kueleza, akakwama, akanigeukia. Nami nikampelekea mume wangu swali lile kama lilivyo.

"Mwambie hata mimi siendi popote," akasema. "Lakini asubuhi naamka."

Ofisa alisikia mwenyewe, sauti ile haihitaji mkalimani. Akacheka, akamwambia injinia aendelee.

Siku ya kuuwasha tulikuwa watu wachache tu, na ilikuwa asubuhi ya kawaida yenye wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Mtambo kama ule hauwashwi kwa ufunguo. Kuna mitungi ya hewa iliyobanwa, unaifungulia hewa isukume pistoni mpaka moto ushike. Mara ya kwanza ulizunguka, ukapiga chafya, ukanyamaza. Mume wangu akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye silinda na mpini kwenye mfupa wa shavu, akafumba macho, akamwashiria injinia auzungushe kwa wenzo taratibu. Alifanya hivyo silinda moja baada ya nyingine. Kwenye ya nne akafumbua macho. "Nozeli hii," akasema.

Wakaifungua, wakasafisha vitundu vyake vya kunyunyizia mafuta. Tukajaribu tena. Hewa ikaingia kwa mluzi, gurudumu likazunguka, na chumba kizima kikapasuka kwa mngurumo.

Sijui nilitegemea nini. Kelele ile haikuingia kwa masikio peke yake, iliingia kwa meno na kwa tumbo. Niliziba masikio kwa mikono miwili na bado iliingia. Nikafikiria siku zote alizokaa mle chini, kuta za chuma pande zote, mitambo miwili na si mmoja, na yeye kijana anayesikia kila kitu. Nilikuwa nimefua foronya zake miaka yote hiyo, na sikuwa nimejua alikuwa anatoka wapi.

Yeye alikuwa amesimama katikati, amevua viatu. Miguu mitupu kwenye bamba la chuma, mikono imelegea. Alikuwa anausikiliza kwa nyayo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza habari za nyumbani kutoka kwa mgeni, anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, na hapo je. Kisha akaenda kushika beringi moja kwa kiganja, akakunja uso, akapeleka kidole kooni. Injinia akazima. Ulikuwa umewaka kwa muda wa kuchemsha sufuria ya chai, si zaidi.

Injinia alikuwa analia na kujifuta kwa mkono wenye oili, uso ukazidi kuharibika.

"Mama, muulize kwa nini amezima. Ulikuwa unakwenda vizuri."

Nikamuuliza.

"Beringi ya tatu inapata moto. Mwambie ni kitu kidogo, tutaitengeneza. Mwambie amefanya kazi nzuri." Akavaa viatu vyake. "Ndaga fijo, mwambie hivyo hivyo."

Sikuwa na haja ya kumtafsiria asante hiyo. Injinia alikuwa amekaa Kyela vya kutosha kukijua Kinyakyusa hicho.

Sasa meli imekaa wima kwenye kitako chake. Mtambo unawashwa mara chache, kwa muda mfupi, na kabla haujawashwa kila mtu anapewa vizibo vya masikio. Hilo nililisimamia mimi, na hakuna anayeshuka bila vizibo, awe nani. Wanafunzi wanakuja, wengine kutoka shule niliyofundisha. Wazee wanakuja zaidi. Mmoja alitaka tu kuona mahali alipokaa juu ya mabati ya kanisa lao, siku nzima na nusu, akiyalinda. Mama mmoja wa Mbamba Bay alikataa kupanda kabisa. Alisema alitapika kwenye meli hiyo kutoka mwanzo wa ziwa mpaka mwisho, amekuja kuitazama akiwa nchi kavu, nayo ikiwa nchi kavu, ili wawe sawa. Nilimpelekea kiti na chai chini ya ngazi, tukakaa naye mpaka gari lake likaja.

Wiki iliyopita palikuwa na ugomvi wa rangi. Bomba la moshi linatakiwa kupakwa, na injinia anataka rangi iliyokuwepo mwanzo. Amechukua kisu akakwangua kidogo kidogo, mahali pamoja upana wa kiganja, na rangi zikatokea zimelaliana kama maganda ya kitunguu: nyeupe, chini yake kijani, chini yake krimu, nyeupe tena, na chini kabisa kijivu. Mume wangu alizisoma zote kwa kidole. Kijani ilikuwa ya nahodha mmoja aliyependa kijani. Krimu ilipakwa kwa haraka kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa anakuja, ndiyo maana ina matone. Kijivu haijui, ilikuwepo kabla yake.

"Tupake kijivu," injinia akasema.

"Hakuna mtu aliye hai anayeikumbuka kijivu," akajibu. "Wanaokuja hapa wanakumbuka krimu."

Walibishana mchana kutwa, nami katikati nikipeleka maneno, mpaka nikachoka nikawaambia waendelee wenyewe. Wakaendelea, injinia akitumia mikono yake, polepole, akikosea hapa na pale. Mwisho walikubaliana kijivu ipakwe bomba zima, na lile dirisha dogo lililokwanguliwa liachwe wazi, lifunikwe kioo, ili kila mtu aitafute rangi yake. Mume wangu hakuridhika. Siku iliyofuata alipanda ngazi na kopo la kijivu, akapaka safu ya kwanza akinung'unika kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki, na mimi nikamshikia ngazi.